Kielezi cha Kiingereza kikae wapi?

Ninahariri ripoti za Kiingereza hapa Dodoma, nyingi za kilimo na maji, zinazoandikwa na Watanzania wenzangu. Waandishi hawa wanazijua nyakati za vitenzi na msamiati wanao. Wanapokwama ni kwenye kielezi: wanacho mkononi, ila hawana hakika wakiweke wapi.

Chanzo ni umbo la kitenzi chetu. Ukisema "wameshavuna", nafsi, wakati na habari kwamba jambo limekwisha vyote vimo ndani ya neno moja, wala hapana upenyo wa kuchomeka kitu. "Hulima mtama" nayo imebeba mazoea bila kuhitaji kielezi. Kiingereza huyatawanya hayo: "The farmers have already harvested." Katikati ya "have" na "harvested" kuna nafasi, na humo ndimo "already", "often", "never" na "probably" hupenda kukaa. Vitenzi visaidizi, kama hiyo "have", vikiwa zaidi ya kimoja, kielezi cha namna hii kwa kawaida hufuata cha kwanza: "The vines have often been sprayed." Kisipokuwepo kisaidizi, kielezi hutangulia kitenzi: "They often plant late." Lakini "is" au "was" ikisimama peke yake hutangulia yenyewe: "The well is usually dry by October."

Sisi tumezoea kielezi kufuata kitenzi papo hapo. "Tulitembelea tena kijiji" ni Kiswahili kilichonyooka, ndiyo maana nakutana na "We visited again the village". Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, isipokuwa yambwa ikiwa ndefu sana. Andika "We visited the village again" au "We again visited the village".

Hilo ni kosa la sikio tu, msomaji ataelewa. Ninaloliogopa ni kielezi kinachobadili maana kimyakimya. "The treasurer answered the question foolishly" inasema jibu lilikuwa la kipumbavu. "The treasurer foolishly answered the question" inasema jibu huenda lilikuwa zuri, ila kujibu kwenyewe ndiko kulikokuwa upumbavu. Na anayetaka kuisifu kamati kwa bidii, akaandika "The committee hardly worked", amesema kamati karibu haikufanya kazi kabisa. Alihitaji "worked hard".

Sasa tazama sentensi hii: "Farmers who are visited often harvest more grapes." Je, ni wakulima wanaotembelewa mara kwa mara, au ni wanaotembelewa, ambao mara nyingi huvuna zaidi? Kielezi kimekaa kati ya vitenzi viwili na kinatazama kote kuwili. Kwenye ripoti ya zabibu za Hombolo tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mojawapo ya maana hizo inadai bwana shamba arudi shambani tena na tena, na safari hizo zinahitaji bajeti. Ninapoikuta sentensi ya namna hii humpigia mwandishi simu. Siwezi kumchagulia maana.

"Only" nayo inahitaji uangalizi wa pekee. "The project only trained women in Kongwa": iliwafundisha wanawake peke yao, au ilikwenda Kongwa peke yake, au iliwapa mafunzo bila mitaji? "Tu" yetu hufuata neno inalolihusu na mambo yakaeleweka. Mwingereza akizungumza, sauti yake huonyesha mkazo uko wapi. Kwenye karatasi sauti haipo. Kwa hiyo isogeze ikae jirani na neno lake: "trained only women", au "only in Kongwa".

Wengi pia walifundishwa kwamba ni mwiko kuweka kielezi kati ya "to" na kitenzi. Henry Alford, mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury, aliukemea mtindo huo mwaka 1864, ingawa waandishi wa Kiingereza walikuwa wakiutumia tangu karne za kati. Mimi siufuati mwiko huo unapoharibu maana. "The council decided gradually to reduce the levy" inaacha shaka: uamuzi ulichukuliwa polepole, au ushuru ndio utapunguzwa polepole? "Decided to gradually reduce the levy" haina shaka hiyo. Mkubwa wa ofisi akiikataa, basi naandika "decided to reduce the levy gradually", na maana inabaki salama.