Fundi, Bisibisi na Akili Mnemba Kiwandani

Fundi mzoefu huweka ncha ya bisibisi kwenye ganda la mota, akategesha sikio mpinini, akatulia kidogo, kisha akasema: "Beringi hii haimalizi mwezi." Ukimuuliza amejuaje, atakujibu tu kwamba inalia vibaya. Miaka ya kusikiliza mota nzima imemfunza kuitambua ile iliyoanza kuugua.

Akili mnemba (AI) inayoingia viwandani leo inafanya jambo lilelile. Kihisi kidogo hubandikwa kwenye mota na kupima mtetemo maelfu ya mara kwa sekunde. Beringi, yaani pete ya gololi inayobeba mhimili wa mota, ikianza kuchimbika, hata kwa kishimo kisichoonekana kwa macho, kila gololi inayopita hapo hugonga, na kugonga huko hurudi kwa mpigo unaotegemea idadi ya gololi, ukubwa wake na kasi ya mhimili. Programu iliyozoea mtetemo wa kawaida huushtukia mpigo huo mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya mota kukwama. Kiwanda hakibadilishi tena beringi ambayo bado ni nzima kwa sababu tu kalenda imefika, wala hakisubiri ife katikati ya zamu.

Wengi wakisikia habari hizi huwaza roboti. Roboti si wageni: roboti iitwayo Unimate ilianza kazi katika kiwanda cha kampuni ya magari ya General Motors huko New Jersey, Marekani, mwaka 1961, ikishika vyuma vya moto vilivyotoka kwenye kalibu. Ilirudia hatua ilizopangiwa, basi. Haikuona chochote.

Kuona ndiko kulikobadilika, hasa baada ya 2012, programu zinazojifunza kwa picha zilipoziacha mbali zile za zamani. Awali mhandisi alilazimika kuandika kanuni ya kila kasoro: ufa wa urefu huu, doa la rangi ile. Sasa programu huoneshwa picha, ikatafuta tofauti yenyewe. Tatizo ni kwamba kiwanda kizuri hutoa kasoro chache, hivyo picha za kasoro nazo ni haba. Ndiyo maana mifumo mingi hufundishwa kwa picha za bidhaa zisizo na kasoro peke yake, ikapiga kengele kwa chochote kisichofanana nazo.

Hapo hesabu inahitaji uangalifu. Tuseme chupa 10,000 zinapita mbele ya kamera, 10 zina ufa, na mfumo hupatia kwa asilimia 99, kwa chupa nzima na mbovu vilevile. Utazinasa karibu zote zenye ufa, lakini pamoja nazo utatupa chupa nzima zipatazo 100. Muuzaji akikutajia asilimia, muulize mfumo wake hukosea upande upi, na kila kosa linagharimu nini.

Kazi ya kukodolea macho mkanda unaopitisha bidhaa zamu nzima itapungua, na sioni sababu ya kuwaficha wanaoifanya. Ila ujuzi wa fundi wetu unahitajika zaidi, kwa kuwa programu inayotakiwa kutaja ugonjwa wenyewe hujifunza kwa mifano ambayo mtu ameipa majina. Nimefungua madaftari mengi ya matengenezo yaliyoandikwa: "Imekufa. Imetengenezwa. Inafanya kazi." Mashine haiwezi kujifunza lolote hapo. Kabla ya kununua kihisi hata kimoja, andikeni ni kipuri gani kiliharibika, saa ngapi, mashine ikiwa na mzigo kiasi gani, na fundi alisikia nini siku moja kabla.