Mbegu ya Mpunga: Ungo, Maji ya Chumvi na Gunia

Wakulima wengi wa Kyela na Bonde la Kilombero bado hupanda mbegu waliyoitoa shambani mwao, na sisi wataalamu hatuna sababu ya kuwakataza. Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo aina kama Supa ikitunzwa vizuri hubaki Supa kwa misimu kadhaa. Kinachoiharibu ni kuchanganyika na aina nyingine, na dawa yake wazee wanaijua: ingia shambani kabla ya wavunaji, kata masuke yaliyokomaa sawasawa, uyaache yenye punje nyekundu. Yapure peke yake, juu ya turubai safi.

Ungo huondoa mapepe (punje tupu) mengi, na ndoo ya maji huondoa yaliyosalia. Wengi huishia hapo. Naomba sana tuongeze hatua moja, kwa kuwa punje iliyojaa nusu nayo huzama kwenye maji matupu; itaota, lakini mche wake utakuwa dhaifu. Tumbukiza yai bichi ambalo halijakaa siku nyingi ndani ya maji, kisha koroga chumvi kidogo kidogo mpaka yai lielee na kutokeza juu sehemu yenye ukubwa wa sarafu. Litoe, mimina mbegu, koroga, engua zinazoelea. Zilizozama zisuuze papo hapo kwa maji safi, mara mbili au tatu, maana chumvi ikibaki huzuia kuota. Zilizoelea, ukishazisuuza na kuzianika, ni chakula cha kuku.

Sasa loweka kwa saa 24, ukibadilisha maji yakianza kunuka. Opoa, tia kwenye gunia lililolowa, funika kwa majani ya mgomba, vundika kivulini siku moja hadi mbili. Hapa ndipo mbegu nzuri huharibikia. Mbegu zinazoota hutoa joto, na katikati ya gunia zinaweza kuungua huku za pembeni zikiwa bado baridi. Ingiza mkono asubuhi na jioni. Ukihisi moto, geuza na unyunyize maji. Kichipukizi cheupe kikifika milimita 1 au 2, peleka kitaluni siku hiyohiyo. Kikirefuka zaidi hukatika wakati wa kumwaga.

Anayemwaga mbegu kwenye udongo mkavu akisubiri mvua asiloweke wala kuvundika. Mbegu iliyokwisha kuanza kuota ikikosa maji hufa, ila iliyo kavu inaweza kungoja.