Kutoka jukwaani hadi mbele ya lenzi: maelekezo kwa waigizaji wa filamu Uganda

Waigizaji wengi wanaofika kwenye seti za filamu hapa Kampala wamelelewa na jukwaa. Wametoka kwenye vikundi vya maigizo ya Kiganda, mashindano ya shule, ngoma na maigizo ya kanisani. Wengine wamecheza National Theatre, jengo lililofunguliwa mwaka 1959. Sauti wanayo, kumbukumbu wanayo, woga hawana. Kisha inapigwa picha ya kwanza ya karibu, na utajiri wote huo unamwagika nje ya fremu. Jukwaani ulifundishwa kuipeleka hisia hadi kwa mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa. Kwenye filamu lenzi inakuja yenyewe hadi usoni pako, na ukiendelea kuisukuma hisia, mtazamaji anaona msukumo badala ya hisia.

Nitaanza na macho, kwa sababu huko ndiko makosa mengi yanakozaliwa.

Unapozungumza na mwenzako kwenye picha ya karibu, usiyatazame macho yake yote mawili kwa zamu. Katika maisha ya kawaida sote tunafanya hivyo na hakuna anayeona. Kwenye kioo kikubwa cha sinema mboni zako zinaonekana zikikimbia huku na huku, na mhusika wako anageuka mwongo hata kama maneno yake ni ya kweli. Chagua jicho moja, na liwe lile lililo karibu zaidi na kamera. Ukilitazama hilo, uso wako unageuka kidogo upande wa lenzi na macho yako yote mawili yanaonekana. Ukitazama lile la mbali, mtazamaji anabaki na shavu na sikio. Kama mwenzako hayupo siku hiyo (na kwenye filamu za bajeti ndogo mara nyingi hayupo, kwa sababu amewahi kibarua kingine), omba kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kibandikwe kando ya lenzi, kwenye kimo cha macho yake. Ukitazama hewani tu, macho hayakazi mahali, na hilo linaonekana wazi.

Suala la kusimama mahali ulipopangiwa wengi hulidharau. Tuchukue lenzi ya milimita 85 ambayo tundu lake la mwanga limefunguliwa sana, hadi f/1.8, kamera ikiwa mita moja na nusu kutoka kwako, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita tatu hivi. Ukiinama mbele kwa upana wa vidole vitatu ili kuongeza uzito wa neno, jinsi ulivyozoea jukwaani, macho yanafifia na picha hiyo imekufa, hata kama ndiyo uliyoigiza vizuri kuliko zote. Ndiyo maana alama hubandikwa sakafuni. Usiitafute kwa macho unapotembea. Kabla ya kurekodi, simama juu ya alama, rudi kinyumenyume hadi unapoanzia huku ukihesabu hatua, kisha tembea mbele kwa hesabu ileile hadi mwili uikariri. Nje, kwenye udongo wetu mwekundu ambao gundi haishiki, weka kijiti au kifuko kidogo cha mchanga ambacho mguu utakigusa bila wewe kukitazama.

Sasa nizungumzie kazi zenyewe, maana hakuna maelekezo yanayofundisha kama kumtazama mtu aliyefanikiwa.

Forest Whitaker alipoigiza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyopigwa hapa Uganda, alijifunza Kiswahili na kupiga akodiani, na akakutana na ndugu na watu waliomfahamu Amin. Mwaka 2007 alipata Oscar ya mwigizaji bora. Watu humsifu kwa hotuba na ghadhabu. Mimi ningekuomba utazame sini ya barabarani, gari lilipogonga ng'ombe na Amin kuumia mkono. Daktari kijana, aliyeigizwa na James McAvoy, anamfunga bandeji, kisha anachukua bastola ya Amin na kummaliza ng'ombe anayeteseka. Askari wanamwelekezea bunduki. Kisha Amin anagundua kwamba kijana huyo ni Mskoti, na hatari yote inageuka furaha, hadi wanabadilishana mashati. Hasira na uchangamfu vinatoka kwa mtu yuleyule. Mwigizaji asiye makini angeweka ukuta kati ya hali hizo mbili: sasa nimekasirika, sasa nimefurahi. Whitaker hakuuweka, na ndiyo maana hata furaha ya Amin inaogopesha.

Kwenye filamu hiyohiyo watazame watu wetu. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma na maigizo cha Ndere, ni waziri Wasswa. Abby Mukiibi ni Masanga. Wote wawili ni watu wa jukwaa hasa, na wote walijua kupunguza. Naamini walistahili kuzungumziwa zaidi ya walivyozungumziwa. Anayedai kwamba mtu wa jukwaani hawezi kamera awatazame hao.

Madina Nalwanga alipatikana kwenye darasa la ngoma Kampala na hakuwa amewahi kuigiza filamu kabla Mira Nair hajamchagua kuwa Phiona Mutesi, msichana mcheza sataranji, kwenye Queen of Katwe ya mwaka 2016, akiwa pamoja na Lupita Nyong'o na David Oyelowo. Filamu ya sataranji ina ugumu wake: kwa dakika nzima mtu ameketi anafikiri. Asiyejua mchezo ataigiza kufikiri. Atakunja uso, atashika kidevu. Anayeujua anafikiri kweli, na kamera inaipiga picha fikra yenyewe. Hapo pana kanuni inayokwenda mbali zaidi ya sataranji: jifunze kazi ya mikono ya mhusika wako hadi isihitaji mawazo. Kama unaigiza mama anayemenya matoke, menya mkungu mzima nyumbani. Mtazamaji wa Masaka au Mukono atajua kwa sekunde mbili kama kisu kile kimewahi kushika ndizi mbichi, na akishajua, machozi yako ya sini inayofuata hayatamgusa. Vivyo hivyo kwa muuza rolex (mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati) na chapati yake, na kwa mwendesha boda anavyopanda pikipiki.

Daniel Kaluuya alizaliwa London mwaka 1989 na wazazi kutoka Uganda. Kwenye Get Out ya mwaka 2017, iliyompa uteuzi wa Oscar kabla hajaishinda mwaka 2021 kwa Judas and the Black Messiah, yumo kwenye kiti akilazwa usingizi kwa maneno (hipnosisi). Kamera iko usoni. Macho yamefunguka kabisa, mwili umekwama, machozi yanatiririka. Hatikisi mabega wala hafuniki uso. Mhusika anayapinga machozi yake, na kile kinachopingwa ndicho kinachotuumiza. Wanaolia kwenye tamthilia zetu mara nyingi hufanya kinyume: wanayakimbilia machozi, wanasaidia kwa sauti, na mtazamaji anabaki kuyahesabu tu.

Kuhusu kulia, kuna upande wa kiufundi ambao mwigizaji lazima aumiliki mwenyewe. Kwa kawaida picha pana hupigwa kwanza, za karibu baadaye. Ukimaliza machozi yote kwenye picha pana, ambako hakuna atakayeyaona, ya karibu itakukuta mkavu. Asubuhi muulize mwongozaji mpangilio wa picha, na kama sini ni nzito omba kwa heshima kwamba picha ya karibu itangulie; wengi hukubali taa zikiruhusu. Ukilazimika kutumia mentholi, paka kidogo sana kwenye mfupa wa shavu, upana wa kidole kimoja chini ya kope, usiiguse ndani ya jicho, na subiri mvuke ufanye kazi. Kumbuka macho yatabaki mekundu na pua itavuja kwa muda, kwa hiyo usiitumie kama picha inayofuata ni ya mhusika huyo akicheka asubuhi yake.

Hilo linatuleta kwenye mwendelezo. Sini moja hupigwa mara nyingi kutoka pembe tofauti, kisha mhariri anaunganisha. Ukinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "mama" picha ya kwanza, na kwa mkono wa kushoto baada ya neno hilo picha ya pili, vipande hivyo haviungani. Mhariri atachagua vinavyolingana hata kama ni vile ulivyoigiza vibaya. Nimesema "mhariri atachagua" kwa makusudi: yeye ndiye anayeamua uigizaji gani utaonekana, na hana huruma kwa kitu kisichounganika. Seti nyingi hapa hazina mtu wa kudumu wa kufuatilia mwendelezo, basi fanya mwenyewe. Kwenye skripti pigia mstari neno ambalo unaketi, unanyanyua, unageuka. Punguza vitendo, vitatu unavyovikumbuka ni bora kuliko tisa vya kubahatisha. Sini ya chakula ikija, chukua tonge dogo sana, maana huenda ukala posho (ugali) na maharagwe hayohayo mara kumi na tano.

Sauti nayo ina adabu yake. Kwenye picha ya karibu usiingilie maneno ya mwenzako, hata kama ni ugomvi, isipokuwa mwongozaji amesema. Sauti mbili zikipandana mhariri hawezi kuzitenganisha. Nyamaza sekunde mbili baada ya kuambiwa anza, na baada ya neno la mwisho baki ndani ya mhusika hadi usikie kata. Maikrofoni ndogo ya kifuani inachukia gomesi (vazi la kike la Kiganda) ya satini, kwani kitambaa kikisuguana kinatoa mlio unaofunika maneno. Mwambie mtu wa sauti mapema unavaa nini ili aifunge kwenye nguo ya pamba iliyo ndani. Usijipige kifua kwa msisitizo. Mvua ikianza kwenye mabati, kila mtu ataketi asubiri. Tumia muda huo kupitia hatua zako.

Jaribio moja ninalolipenda linatokana na vibanda vya video. Watazamaji wengi wa Uganda wamekulia kwenye filamu zinazosimuliwa juu yake na VJ, yaani msimulizi anayetafsiri filamu ikiendelea, awe Jingo au Junior au Emmie, na sauti ya mwigizaji inabaki nyuma au inapotea kabisa. Kinachobaki ni uso na mwili. Chukua sini yako, izime sauti, mpe mtu asiyeijua hadithi aitazame. Akikuambia nani anataka nini kwa nani, umeigiza. Akikuambia tu kwamba watu wanagombana, kuna kazi ya kufanya. Waigizaji wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa Isaac Nabwana aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, hufaulu jaribio hili kirahisi, kwani kila teke lina sababu inayosomeka. Wenye kufuata njia ya mapigano wajue pia kwamba damu ya ng'ombe haifai kabisa: inaweza kubeba ugonjwa wa brusela, na haioshwi vizuri kwenye nguo. Rangi ya chakula iliyochanganywa na sharubati nzito ya sukari inatosha. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha vazi lenyewe.

Video ya usaili unayojirekodi nyumbani imekuwa mlango wa karibu kila kazi. Laza simu mlalo, lenzi iwe kimo cha macho, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, fremu ikikuchukua kuanzia kifuani. Simama ukilikabili dirisha; likiwa nyuma yako, uso utakuwa kivuli. Jua likiwa kali, weka pazia jeupe jepesi. Ukuta uwe wa rangi moja, na wewe usimame mbali nao kidogo ili kivuli kisikubandike. Anayekusomea asimame kando ya lenzi, hatua moja nyuma ya simu, asome kwa sauti ya chini. Akiwa karibu na simu kuliko wewe, video itakuwa ya kwake. Taja jina, kimo na mji unakoishi, kisha toa matoleo mawili yanayotofautiana kweli. Jina la faili liwe jina lako na la mhusika. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama video ya kawaida itabanwa na macho yako yatageuka ukungu.

Usikatae nafasi fupi. Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala mwaka 1976, alionekana kwa muda mfupi kama mlinzi Ayo kwenye Captain America: Civil War ya mwaka 2016, na kwa sekunde zile alisimama kwa namna ambayo hakuna anayeisahau. Mhusika huyo alirudi kwenye Black Panther mwaka 2018 na kuendelea baada ya hapo.

Na mkataba. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, yenye Michael Wawuyo Jr., Maurice Kirya na Rehema Nanfuka, ilifika Netflix mwaka 2021, na tangu hapo hakuna sababu ya kusaini karatasi inayotaja "filamu" tu bila kusema itaonyeshwa wapi. Iandikwe kama ni televisheni ya hapa, intaneti, au nchi zote, na kwa miaka mingapi. Ziandikwe saa za siku moja ya kazi na malipo ya saa zinazozidi, usafiri wa usiku, na siku za kurudi studio kurekodi sauti upya, zikiwa na malipo yake. Siku hizo ndizo husahaulika zaidi, kwa kuwa unaitwa wiki kadhaa baada ya seti kuvunjwa, bajeti ikiwa imeshakwisha.