Jopo la ushauri wa elimu ya sayansi: linafanya nini, na nguvu yake inaishia wapi

Jopo la ushauri ni kundi la watu ambalo serikali hulikabidhi jambo moja la kuchunguza. Husikiliza wahusika, hupima hali ilivyo, kisha huandika ripoti yenye mapendekezo. Halitungi sheria, haligawi fedha, wala haliajiri walimu. Ripoti ikishakabidhiwa, uamuzi ni wa serikali.

Katika elimu ya sayansi na teknolojia, wajumbe kwa kawaida huwa wanasayansi, walimu, wakuu wa vyuo, watu wa viwanda na maofisa wa wizara. Vyombo vingine vya ushauri ni vya kudumu. Tanzania, kwa mfano, ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, na kuishauri serikali ni mojawapo ya majukumu yake. Vingine huundwa kwa kazi moja, huandika ripoti, kisha huvunjwa.

Kinachoamua mengi ni hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ambayo jopo limepewa. Lakini jopo linaweza kuzivuka, na Kenya inalijua hilo vizuri. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliteua jopo lililoongozwa na Colin Mackay, msomi kutoka Kanada. Swali lilikuwa hili: nchi yenye chuo kikuu kimoja tu, kile cha Nairobi, ianzisheje cha pili chenye mwelekeo wa teknolojia? Jibu lilizaa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 1984. Ila ripoti ilikwenda mbali zaidi. Ilipendekeza mfumo mzima wa masomo ubadilishwe: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, huku masomo ya vitendo yakipewa uzito. Kufikia 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza.

Useremala, kilimo na sayansi kimu viliingia kwenye ratiba. Karakana zikahitajika, na mzigo wa kuzijenga ukawaangukia wazazi kwa njia ya harambee. Shule nyingi zilifundisha ufundi bila vifaa, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mimi naamini wazo lenyewe lilikuwa jema, kwani mtoto anastahili kushika msumeno na kupima udongo kwa mkono wake. Tatizo ni kwamba utekelezaji ulikimbia, fedha na walimu wakabaki nyuma.

Pendekezo linaweza pia kukataliwa waziwazi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta nchini Tanzania ilikabidhi ripoti yake mwaka 1982. Miongoni mwa mengi, ilitaka Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Kwa elimu ya sayansi hilo si jambo la pembeni hata kidogo: hadi leo mwanafunzi aliyejifunza usanisinuru kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma hukutana nao tena sekondari kwa Kiingereza, akihangaika na lugha na somo kwa wakati mmoja.

Kuna suala la uhuru pia. Nchini Marekani, jopo la sayansi la Ikulu lililoimarishwa mwaka 1957 baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, lilivunjwa na Rais Nixon mwaka 1973, baada ya baadhi ya wanasayansi wake kupinga hadharani misimamo ya serikali. Lakini mwaka mmoja kabla, 1972, nchi hiyo ilikuwa imepitisha sheria inayotaka kamati za ushauri ziwe na wajumbe wa mitazamo tofauti na kwa kawaida zikutane hadharani. Nadhani sheria ya namna hiyo ingetufaa sana, kwa sababu mwalimu wa fizikia wa Turkana au Kigoma ana haki ya kujua nani anaishauri serikali kuhusu darasa lake.

Jopo ambalo Wakenya wengi wanalikumbuka kwa sasa ni lile la Profesa Raphael Munavu, mwanakemia, lililoteuliwa na Rais William Ruto mwaka 2022. Lilikusanya maoni ya wananchi nchini kote, na Desemba mwaka huo likapendekeza sekondari ya chini, yaani gredi ya 7 hadi ya 9 katika mfumo mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, iwe ndani ya shule za msingi. Watoto wangebaki karibu na nyumbani, na wazazi wangeepuka gharama za bweni. Serikali ilikubali mara moja. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, somo la sayansi jumuishi liliingia katika shule nyingi ambazo hazikuwa na maabara, kwa kuwa tangu zijengwe hazikuwa zimetakiwa kuwa nayo. Ndiyo maana mimi, nikifungua ripoti ya jopo lolote, hutafuta kwanza sehemu ya gharama: nani atalipa, kiasi gani, na kufikia lini.