Mabango ya Fred G. Johnson: yasemwayo na yaliyokuwa

Fred G. Johnson (1892–1990) wa Chicago alichora mabango ya turubai yaliyotundikwa mbele ya mahema ya sarakasi na kanivali (maonyesho ya kuhamahama) za Marekani, kutangaza watu na wanyama wa ajabu walioonyeshwa ndani. Habari za mafundi wa kazi hii husimuliwa kombo.

Dhana: Mchoraji alizurura na sarakasi, akilala hemani.
Johnson alikuwa mwajiriwa wa karakana. Alianza ujanani katika kampuni ya kushona mahema, kisha akakaa miaka mingi na O. Henry Tent and Awning, Chicago hapohapo. Wenye maonyesho waliagiza, yeye akachora. Yaliyozunguka nchi ni mabango.

Dhana: Kilichochorwa ndicho kilichokuwa ndani.
Hapa ndipo penye utamu. Mnene alichorwa kama mlima, na nyoka wa kawaida akanenepa kama gogo. Mara nyingi pembeni palikuwa na duara lenye neno moja la Kiingereza: ALIVE, yaani yu hai. Halikuwa pambo, maana mahema mengine yalionyesha vitu vilivyokaushwa au kuhifadhiwa kwenye chupa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini uwanjani kule hakuna kilichojiuza. Mpiga debe alipanda jukwaani mbele ya mabango, akayasimulia hadi watu wakatoa kiingilio.

Dhana: Rangi kali na mistari mizito ni dalili ya mkono usiojua.
Bango lilisomwa kwa mbali, na mtu anayepita, huku hema la jirani nalo likimwita. Ndiyo sababu ya nyekundu, njano na chungwa, mistari minene myeusi, na maneno kiduchu. Tena turubai lilikunjwa kila walipohama, na rangi nene ingepasuka, kwa hiyo ilipakwa nyembamba. Jaribu kuchora uso kwenye turubai linalokuzidi kimo, litakalokunjwa na kukunjuliwa msimu mzima, ndipo umdharau fundi.

Dhana: Yalitunzwa kama sanaa tangu mwanzo.
Wapi! Jua, mvua na kamba viliyamaliza, na yaliyochakaa yalitupwa. Leo yaliyosalia hutafutwa na wakusanyaji na makumbusho. Wasanii wa Chicago wa kundi la Hairy Who, lililoanza maonyesho yake mwaka 1966, nao walivutiwa na picha za aina hii. Kumtambua mchoraji ni kazi nyingine: mabango mengi yana chapa ya kampuni ya mahema, si sahihi yake, hivyo mjuzi hutazama mkono.