Ukaazi wa kikodi: ni nini, na unamhusu vipi mgeni anayeishi Dar es Salaam

Mgeni anayefanya kazi Dar es Salaam kwa mkataba huwa na hati mbili anazozilinda kama mboni ya jicho, yaani pasipoti yake na kibali cha ukaazi alichopewa na Idara ya Uhamiaji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoamua kodi ya mapato atakayotozwa. Kinachoamua ni jambo la tatu, ambalo halikugongwa muhuri popote na ambalo wageni wengi, pamoja na baadhi ya waajiri wao, hulifahamu wakati hesabu zimekwisha kuharibika. Jambo hilo ni ukaazi wa kikodi.

Ukaazi wa kikodi ni hadhi anayopewa mtu na sheria ya kodi kwa mwaka mmoja mmoja, kwa kuangalia alikuwa wapi na makazi yake yako wapi katika mwaka huo. Hauulizi mtu ni raia wa nchi gani. Mtanzania anaweza kuwa si mkaazi wa kikodi wa Tanzania, na Mholanzi aliyepanga nyumba Msasani anaweza kuwa mkaazi kamili. Vilevile hauulizi kibali chake ni cha daraja gani, kwa sababu kibali humruhusu mtu kukaa, ilhali kodi hufuata ukaaji wenyewe. Mtu mwenye kibali cha miaka miwili ambaye muda mwingi yuko safarini anaweza asifikie kipimo, na mwingine aliyekuwa akija na kuondoka kwa vipindi vifupi anaweza kujikuta amekifikia bila kutarajia.

Kwa Tanzania, kipimo kimo katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004. Mtu binafsi ni mkaazi wa mwaka fulani ikiwa lolote kati ya mambo haya limetimia: ana makazi ya kudumu katika Jamhuri ya Muungano na amekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka huo; au amekuwepo nchini kwa siku 183 au zaidi kwa jumla ndani ya mwaka; au amekuwepo nchini mwaka huo na pia katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa kila mwaka. Kundi la nne ni la watumishi wa Serikali ya Tanzania waliopangiwa kazi nje ya nchi, ambao wanabaki kuwa wakaazi hata kama mwaka mzima hawakukanyaga Kivukoni.

Kipimo cha siku 183 ndicho kinachojulikana zaidi, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Siku hizo hazihitaji kufuatana, bali hujumlishwa. Tena hujumlishwa ndani ya mwaka wa mapato, ambao kwa mtu binafsi huanza Januari na kuishia Desemba, wala si ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku aliyotua. Chukua mhandisi aliyeshuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere tarehe 1 Agosti 2024 na asitoke nchini hadi mwaka ukaisha. Amekaa miezi mitano mfululizo, lakini siku zake za mwaka 2024 ni 153 tu, hivyo kwa kipimo hiki si mkaazi wa mwaka huo. Ikifika Januari, hesabu inaanza upya. Na kwa kuwa sheria inazungumzia Jamhuri ya Muungano nzima, mapumziko ya wiki moja Nungwi, Zanzibar, hayampunguzii siku hata moja, ilhali wiki hiyohiyo akiipitisha Mombasa haihesabiwi.

Kipimo cha wastani wa siku 122 huwanasa watu wa aina nyingine, hasa washauri wa miradi wanaokuja kila mwaka kwa takriban miezi minne. Tuseme mmoja wao alikuwepo siku 125 mwaka 2023, siku 118 mwaka 2024 na siku 130 mwaka 2025. Hakuna mwaka aliokaribia siku 183, na huenda kila mara alilala hotelini. Jumla yake ni siku 373, wastani unazidi kidogo 124, na kwa hiyo kwa mwaka 2025 yeye ni mkaazi wa kikodi wa Tanzania. Namshauri kila mtu wa namna hii atunze orodha ya tarehe zake za kuingia na kutoka, ikilingana na mihuri ya pasipoti, kwa sababu hakuna ofisi itakayomwandalia hesabu hiyo kabla ya kudaiwa.

Je, kuwa mkaazi au kutokuwa mkaazi kunabadilisha nini? Kunabadilisha mambo mawili, na ni vyema kuyatenganisha.

La kwanza ni kiwango cha kodi. Mfanyakazi asiye mkaazi anayelipwa na mwajiri aliyepo nchini hukatwa asilimia 15 ya mapato yake yote ya ajira, bila sehemu iliyosamehewa. Mkaazi hukatwa kwa ngazi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi, kisha asilimia 8 hadi shilingi 520,000, asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Mgeni anayelipwa shilingi milioni 10 kwa mwezi, tukiweka kando michango ya hifadhi ya jamii, atakatwa shilingi 1,500,000 akiwa si mkaazi na shilingi 2,828,000 akiwa mkaazi. Tofauti ni shilingi 1,328,000 kila mwezi, na mtu aliyepangia familia bajeti kwa mshahara wa miezi yake ya mwanzo huumia sana mabadiliko hayo yanapomfikia bila kuelezwa. Kwa mshahara mdogo hali ni kinyume. Anayelipwa milioni moja atakatwa shilingi 150,000 akiwa si mkaazi na shilingi 128,000 akiwa mkaazi. Mizani hulingana kwenye mshahara wa karibu shilingi 1,147,000; chini ya hapo ukaazi unampa nafuu, juu ya hapo unamwongezea mzigo.

La pili ni upana wa mapato yanayohesabiwa. Asiye mkaazi hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania peke yake, lakini mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima: kodi ya pango ya nyumba yake ya Rotterdam, gawio la hisa, riba ya akiba aliyoiacha kwao. Hapo ndipo wengi hushtuka. Hata hivyo sheria imeweka nafuu moja ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba mkaazi ambaye, mwaka unapoisha, hajawahi kuwa mkaazi wa Tanzania kwa zaidi ya miaka miwili kwa jumla katika maisha yake yote hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Tumrudie mhandisi wetu. Mwaka 2024 hakuwa mkaazi. Akikaa mfululizo, mwaka 2025 ni wa kwanza na 2026 ni wa pili, na katika miaka hiyo analipa kwa viwango vya mkaazi lakini mapato yake ya kwao hayaguswi. Kuanzia 2027, mwaka wake wa tatu, yanaingia. Ni mpangilio wa haki, kwa maoni yangu, kwa kuwa anayekuja kwa mkataba mfupi hafananishwi na aliyehamia. Lakini aangalie maneno «maisha yake yote», maana aliyewahi kufanya kazi Mwanza miaka ya tisini huanza na miaka ile mgongoni.

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara katika kazi hii ya kuandaa mishahara: «Mimi silipwi hapa, mshahara wangu unaingia London.» Kauli hiyo haimsaidii mtu. Malipo ya kazi huwa na chanzo Tanzania ikiwa kazi yenyewe imefanyika Tanzania, popote malipo yalipotolewa. Mwalimu anayefundisha Oysterbay akilipwa nusu kwa shilingi benki ya hapa na nusu kwa pauni kwenye akaunti ya Uingereza, nusu zote mbili ni mapato ya Tanzania tangu siku ya kwanza, awe mkaazi au asiwe. Hali ni hiyohiyo kwa kijana anayetumia kompyuta yake akiwa Mikocheni kwa ajili ya kampuni ambayo haina hata ofisi Afrika. Katika mkataba wa mgeni mara nyingi mshahara huwa si kila kitu, kwani kuna nyumba, gari, na ada ya shule ya watoto. Hayo pia ni mapato ya ajira na yana namna zake za kuthaminishwa. Nauli ya kumleta na kumrudisha yeye, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne haihesabiwi, mradi makazi yake ya asili yako zaidi ya maili 20 kutoka kituo cha kazi na ameajiriwa kwa kazi ya mwajiri huyo tu. Kwa aliyetoka ng'ambo sharti la umbali halina mjadala.

Taratibu zenyewe si ngumu. Mgeni huchukua namba ya mlipakodi, TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwajiri hukata kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE, na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mwenye ajira moja tu, bila mapato mengine, kwa kawaida hahitaji kuwasilisha mwenyewe ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi. Mwenye biashara, au mkaazi mwenye mapato ya nje, huwasilisha makadirio ya kodi yake ya mwaka kufikia mwisho wa Machi, hulipa kwa awamu nne, na hutoa ritani kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Wanadiplomasia wana misamaha yao na hawahusiki na sehemu kubwa ya maelezo haya.

Mtu anaweza pia kuwa mkaazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kila nchi hupima kwa rula yake. Marekani hutoza raia wake popote walipo duniani, hivyo Mmarekani anayeishi Masaki hubeba wajibu wa pande zote mbili. Kwa hali hizo nchi huwekeana mikataba ya kuepuka utozaji kodi mara mbili, na Tanzania inayo na nchi chache: Afrika Kusini, Zambia, India, Canada, Italia, Denmark, Norway, Sweden na Finland. Mikataba ya aina hii huuliza kwa mpangilio mtu ana makazi ya kudumu wapi, kisha maisha yake na uchumi wake vimeelemea upande gani, kisha hukaa zaidi wapi, na uraia huja mwishoni. Marekani na Uingereza hazimo katika orodha hiyo, na raia wao hulazimika kutegemea nafuu zilizomo katika sheria za ndani za kila nchi.

Rula hizo tofauti humgusa Mtanzania naye anaposafiri. Marekani, kwa asiye raia na asiye na kibali cha kudumu, huhesabu siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana na sehemu ya sita ya siku za mwaka juzi. Jumla ikifika 183, na mwaka huu akiwa amekaa angalau siku 31, ni mkaazi. Anayekaa siku 120 kila mwaka anapata 120, 40 na 20, yaani 180, na anapona kwa siku tatu. Uingereza mwaka wa kodi huanza 6 Aprili, si Januari, kwa hiyo siku zilezile hugawanyika kwa namna nyingine.

Ninalotaka ndugu zetu walio nje walisome kwa makini ni kile kipimo cha kwanza cha sheria yetu, cha makazi ya kudumu. Muuguzi anayefanya kazi Uingereza, aliyejenga Kigamboni nyumba anayoiweka tayari kwa ajili yake, akija kula Krismasi na wazazi kwa wiki mbili, amekuwa na makazi ya kudumu nchini na amekuwepo kwa sehemu ya mwaka. Kwa maneno ya sheria anaweza kuhesabiwa mkaazi wa Tanzania kwa mwaka huo, na mshahara wake wa Uingereza ukaingia katika hesabu. Nyumba aliyoipangisha kwa mkataba, ambayo hawezi kuingia akitaka, naiona kuwa jambo tofauti, na mkataba huo wa upangaji ni ushahidi wa kuuhifadhi. Akihesabiwa mkaazi, Tanzania humpunguzia kodi aliyokwisha kuilipa kule, lakini si zaidi ya kodi ambayo mapato yaleyale yangetozwa hapa, na lazima athibitishe malipo. Uingereza huacha pauni 12,570 za kwanza bila kodi na hutoza asilimia 20 katika ngazi inayofuata. Kwetu ngazi ya juu ni asilimia 30 na huanza mapema, hivyo baada ya punguzo inaweza kubaki tofauti ya kulipa. Hati ya P60 ambayo mwajiri wa Uingereza humpa mfanyakazi kila mwisho wa mwaka wa kodi huonyesha jumla ya mshahara na kodi iliyokatwa, na ndiyo karatasi ya kusafiri nayo anapokuja nyumbani.