Usiangalie mguu, angalia kiuno: suruali za kiume za 1940 hadi 1960

Wateja wanaoniletea picha za zamani na kuniambia "fundi, nishonee kama hii" karibu wote huelekeza kidole kwenye mguu wa suruali. Wanataka upana. Nikiukata upana ule juu ya kiuno cha siku hizi, wanavaa gunia. Suruali ya miaka ya 1940 hutengenezwa kuanzia juu, pale inaposhika mwili, na mguu hufuata.

Kuna kitu ambacho picha hizo hukificha chini ya koti. Ingawa vijana wa Marekani walikwishazoea mkanda, wanaume wengi wa Uingereza bado waliining'iniza suruali mabegani, kwa kanda mbili zilizoshikwa na vifungo. Ikining'inia hivyo, haina haja ya kubana popote. Inakaa usawa wa kitovu au juu yake, na kitambaa kinashuka wima hadi kiatuni. Kwa mbele, kipimo cha kutoka msamba hadi kiunoni kilifika takriban inchi 12 au 13, wakati suruali nyingi za sasa zina 9 au 10. Sisemi kitu juu ya kata K, ile inayovaliwa chini ya makalio.

Marinda nayo yalikuwa na kazi. Ukikaa, paja hutanuka na marinda hufunguka. Ukisimama, hujifunga na mstari wa pasi hunyooka tena. Yahamishie kwenye suruali inayoshikia nyongani, yatabaki yameachama kutwa na kukupa kitambi ambacho huna. Ndiyo maana vijana wengi huyachukia: wameyaona mahali pasipo pake. Usisahau pia uzito wa sufu ya enzi hizo. Kitambaa kizito hujivuta chenyewe chini, na pindo lililokunjwa kwa nje huongeza uzito huo.

Kisha vita vikaingia hadi kwenye meza ya kukatia. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza, iliyokuwa tayari inagawa nguo kwa kuponi tangu Juni 1941, ilipiga marufuku pindo la kukunja nje na kupunguza mifuko. Makoti ya safu mbili za vifungo nayo yakakatazwa. Nadhani hakuna sheria ya mavazi iliyowaudhi wanaume wa kule kama ile ya pindo. Wakabuni ujanja: mtu ananunua suruali ndefu kuliko miguu yake, kisha anaikunja mwenyewe nyumbani. Mwaka 1944 masharti hayo yaliondolewa. Marekani nayo mwaka huohuo wa 1942 ilikataza pindo na marinda kwenye suruali za sufu.

Katika hali hiyo ndipo zoot suit, suti ya koti refu na suruali pana, ikawa kosa la kisiasa. Vijana Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Meksiko walivaa suruali zilizopanda karibu na kifua, pana kupindukia gotini, kisha zikabanwa ghafla kwenye kifundo cha mguu. Kwa fundi, kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana upana wote ule lazima uingizwe kwenye marinda huku juu na kumezwa huku chini bila kujikunyata. Kwa wengine ilikuwa ni kufuja sufu wakati wa vita, na ngozi ya wavaaji iliwapa watu hao kisingizio zaidi. Juni 1943, huko Los Angeles, mabaharia na askari waliwapiga vijana hao mitaani na kuwavua nguo kwa nguvu. Baraza la jiji nalo likapitisha azimio la kutaka mavazi hayo yaharamishwe.

Baada ya vita upana ulirudi kwa muda, halafu ukaanza kupungua kutoka pande zisizofanana hata kidogo. Washonaji wa Savile Row, mtaa wa mafundi suti London, waliwarudishia matajiri mitindo ya enzi za Mfalme Edward wa Saba, yenye suruali nyembamba. Vijana wa tabaka la wafanyakazi wa London wakaidaka, na kufikia 1953 gazeti la Daily Express lilikuwa likiwaita Teddy Boys, Teddy ikiwa kifupi cha Edward. Suruali zao zilikuwa modo hasa, inchi kama 15 kuzunguka pindo. Matajiri wakaiacha haraka! Italia ilikuja na wembamba wa heshima zaidi: Brioni, nyumba ya ushonaji ya Roma, ilionyesha mavazi ya kiume Florence mwaka 1952, na kadiri muongo ulivyosonga mtindo wa Kiitaliano ukaenea, bila marinda na bila pindo la nje.

Mkanda ulipozishinda kanda za mabegani, kiuno kilianza kuteremka, maana mkanda hukaa vizuri pale penye mfupa wa kuuzuia. Polista ikamalizia kazi. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, Wajapani wakaileta kama tetroni, na ikashika mstari wa pasi bila msaada wa uzito wala urefu.

Hapa kwetu Tanzania wembamba huo ulipambana na siasa pia: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na suruali za kubana zikawekwa kwenye orodha moja na sketi fupi.

Kwa hiyo ukitaka suruali ya 1945, mwambie fundi wako aanze na msamba. Apandishe kiuno hadi kitovuni, aache nafasi ya vidole viwili, na aweke vifungo sita vya kanda, vinne mbele na viwili nyuma. Marinda yawe mawili kila upande. Upana wa pindo uwe inchi 20 hadi 22 kuzunguka, na usimruhusu akukatie kitambaa chepesi.